Mwarobaini, mlonge na UTI inayorudi rudi: kuua bakteria maabara ni kitu kimoja, kufika kwenye kibofu ni kingine

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Nina miaka 29, UTI inanisumbua mwaka wa pili huu, nikipima naambiwa UTI, napewa sipro, napata nafuu wiki mbili tatu inarudi tena. Kuna mama anauza dawa za asili kanionyesha kwenye simu utafiti kabisa wa chuo kikuu kwamba majani ya mwarobaini na mlonge yanaua bakteria wa UTI, anasema niachane na dawa za hospitali nichemshe hayo ninywe kutwa mara tatu. Rafiki yangu naye ananiambia niweke kitunguu saumu huko chini. Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto. Je huo utafiti ni wa kweli au ni biashara tu? Na mume naye anywe?"

Marahaba mdogo wangu. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni bakteria na mimea dawa, kwa hiyo dawa ya kuandikiwa utaipata kwa daktari wako, ila hilo swali la utafiti umeliuliza mahali pake na nitalijibu kwa urefu maana naona watu wengi sana wanaumia hapo katikati.

Utafiti ni wa kweli. Tena haupo mmoja, zipo tafiti za namna hiyo nyingi mno, India, Nigeria, Ethiopia, Kenya, na hapa kwetu, mwarobaini, mlonge, mpera, kitunguu saumu, tangawizi, ukwaju, choya, karibu kila mmea ambao bibi zetu waliuchemsha kuna mtu kaupeleka maabara akaona unazuia bakteria fulani. Huyo mama hajakudanganya kwenye hilo. Anapokosea ni pale anaporuka kutoka kwenye hilo jani kuua bakteria maabara mpaka kwenye wewe kupona, kana kwamba hapo katikati hamna kitu, na hapo katikati ndo pana kila kitu.

Ila kabla sijaendelea, mwarobaini uache leo. Unatafuta mtoto, na mwarobaini kwa majaribio ya wanyama umeonyesha kuzuia mimba isishike, mafuta ya mbegu zake kule India yamefanyiwa utafiti wa miaka mingi kama njia ya uzazi wa mpango, sio siri. Sisemi kikombe kimoja cha majani kimekuharibia kitu, hapana, lakini mtu anayehesabu siku zake kila mwezi akitarajia habari njema hana sababu ya kunywa hicho kitu kutwa mara tatu. Na mlonge, majani kama mboga hayana neno, wali na mlonge wa nazi kula tu, ila mizizi na magome yake usiguse.

Sasa turudi kwenye utafiti. Nikueleze unavyofanyika ili siku nyingine ukionyeshwa ujue unaangalia nini. Tunachukua majani, tunakausha kivulini, tunasaga, alafu tunaloweka kwenye ethanoli au methanoli siku kadhaa, wengine wanatumia heksani, wengine maji. Tunachuja, tunakausha ile ethanoli yote iondoke, kinabaki kitu kizito cheusi cheusi kinanata, hicho ndo ekstrakti. Kwa upande mwingine tunakuwa na bakteria, mara nyingi E. coli maana yeye ndo anasababisha kama robo tatu au zaidi ya UTI za kawaida za kibofu, tunampaka juu ya sahani yenye agari, ile jeli ya kukuzia bakteria, tunatoboa vishimo kwenye ile agari, tunadondoshea ekstrakti kwenye vishimo, tunaacha kwenye joto la nyuzi 37 usiku mzima. Asubuhi tunaangalia. Kama kuna duara safi limezunguka kishimo, bakteria hawakuota hapo, tunapima kwa rula, milimita 12, milimita 15, tunaandika. Huo ndo utafiti alokuonyesha, nina uhakika bila hata kuuona, na picha yake ni ile sahani yenye maduara.

Sasa angalia vitu vitatu hapo. Cha kwanza, hilo jani limelowekwa kwenye methanoli, wewe unachemsha kwenye maji. Vinavyotoka havifanani, kuna kemikali za kwenye majani ambazo haziyeyuki kwenye maji kabisa, kwa hiyo kilichoua bakteria kule sio lazima kiwe kwenye sufuria yako. (Na tafadhali asitokee mtu akasoma hapa akaenda kuloweka majani kwenye spiriti ya famasi akanywa. Methanoli inapofusha macho na inaua, sisi maabara tunaikausha yote na bado hatunywi.) Cha pili, lile duara linategemea na jinsi kitu kinavyosambaa kwenye agari, kwa hiyo ukubwa wa duara hausemi nguvu ya dawa moja kwa moja, mtu akikwambia mwarobaini umetoa milimita 14 na dawa ya hospitali milimita 16 kwa hiyo zinakaribiana, hiyo sio hesabu. Cha tatu ndo kikubwa kuliko vyote, nacho ni kiasi.

Kuna kipimo kingine kinachoeleweka zaidi ya duara, tunatafuta kile kiwango cha chini kabisa kinachoweza kuwazuia bakteria wasiote. Sipro, ile antibiotiki unayopewa, kwa E. coli ambaye hajawa sugu, inatosha robo ya maikrogramu kwenye mililita moja, na mara nyingi hata chini ya hapo. Ekstrakti za mimea mara nyingi zinasomwa kwa miligramu. Tuseme ekstrakti ya majani yako inazuia kwa miligramu 5 kwenye mililita, ni namba ya kawaida kabisa kwenye ripoti hizi. Hiyo ni maikrogramu 5,000, yani mara 20,000 ya ile sipro. Haya, mtu mzima anatoa mkojo kama lita moja na nusu kwa siku. Ili huo mkojo wote uwe na miligramu 5 kila mililita unahitaji gramu saba na nusu za ekstrakti kavu ziingie kwenye mkojo. Tukisema gramu 100 za majani makavu zinatoa gramu 10 za ekstrakti, hapo ni gramu 75 za majani makavu kila siku, na hiyo ni kama kila kitu ulichomeza kimepita tumboni, kimepita kwenye ini, kimetoka kwenye mkojo kizima kizima bila kupotea hata chembe. Haiwezekani. Tuwe wakarimu tuseme asilimia 5 ndo inafika. Ni kilo moja na nusu ya majani makavu kwa siku! Hesabu hii ningependa kila anayeuza dawa aifanye kabla hajafungua mdomo, na hata sisi watafiti wengine tungeifanya kabla ya kuandika mwishoni mwa ripoti kwamba mmea huu "unafaa kutibu UTI", maana hicho kisentensi cha mwisho ndo kinapigwa picha na kuzungushwa kwenye magrupu.

Kwenye miligramu 5 kwa mililita hata siki inaua. Hata chumvi ikizidi inazuia. Ndo maana sisi tunaofanya kazi hii kwa dhati tuna mstari, ekstrakti ikizuia chini ya maikrogramu 100 kwa mililita hapo tunakaa vizuri kwenye kiti, maana yake kuna kitu ndani yake kinastahili kutafutwa kikatengwa. Zinazofika hapo kwa E. coli ni chache.

Na kuna sababu ni chache. E. coli ni katika wale bakteria wenye utando wa pili wa nje, vitu vingi vya mimea vinashindwa kupita, na vikipita ana vipampu vya kuvitoa nje. Staphylococcus, bakteria anayekaa sana kwenye ngozi, hana huo utando wa nje, kwa hiyo utakuta mmea uleule unampiga Staphylococcus vizuri tu alafu E. coli anaendelea kuota kama hamna kilichotokea. Hii tunaiona kila mara. Ndo maana mmea unaweza kuwa na sifa nzuri na ya haki kabisa kwa vidonda vya ngozi, ukaupaka pale pale kidonda kilipo kwa wingi, ukasaidia, lakini kwa kibofu ukashindwa.

Tuje kwenye hiyo njia ya kutoka tumboni mpaka kibofuni maana hapa ndo napenda watu waelewe. Kuna dawa inaitwa nitrofurantoini, ya zamani, bei yake sio kubwa, na ni moja ya zile ambazo Shirika la Afya Duniani linaziweka mbele kwa UTI ya kibofu. Hii dawa ukimeza, kwenye damu inakuwa kidogo sana, karibu haifai kwa ugonjwa wowote wa damu au wa figo lenyewe, lakini figo linaisukuma kwenye mkojo mpaka inajaa huko. Ndo siri yake, inakwenda ilipo shida. Sasa chukua kitunguu saumu. Kile kinachonuka unapokiponda ni alisini, na alisini kwenye sahani inaua bakteria vizuri sana hata wale sugu, sibishi. Lakini ukila, alisini inavunjika haraka mno, watafiti wameitafuta kwenye damu ya watu waliokula kitunguu saumu hawaioni. Kama haipo kwenye damu itafikaje kwenye mkojo? Kwa hiyo kwa kila mmea unaoletewa uliza hivi: hicho kinachoua bakteria kinatoka kwenye mkojo? Kwa kiasi gani? Nani kapima mkojo wa mtu aliyekunywa? Ukikosa jibu, basi huna dawa ya UTI, una mmea uliofanya vizuri kwenye sahani.

Wazungu wanao mmea wao ambao hiyo njia inajulikana, unaitwa uva-ursi, una kitu kinaitwa arbutini ambacho mwilini kinageuka kinatokea kwenye mkojo kama hidrokwinoni, inaua bakteria. Kwenye karatasi hiyo ni dawa kamili. Wakaifanyia majaribio kwa wanawake wenye UTI. Uingereza matokeo yalitoka 2019, dalili hazikupungua kuliko kwa waliopewa vidonge vitupu. Ujerumani wakailinganisha na antibiotiki, waliotumia mmea kweli wengi wao hawakuhitaji antibiotiki, lakini waliteseka zaidi na dalili na waliopata maambukizi ya figo walikuwa wengi kuliko upande wa pili. Nimekuletea mfano huu kwa sababu huo ndo mmea uliofika mbali kuliko mwarobaini, una njia, una kiwango, una kampuni zinautengeneza kwa kipimo, na bado kwa mgonjwa mwenyewe umeishia hapo.

Najua utasema, mbona kuna watu wamekunywa wakapona? Ni kweli wamepona, siwakatai. UTI ya kibofu kwa mwanamke mwenye afya, asiye na mimba, mara nyingi mwili unaimaliza wenyewe. Kuna jaribio lingine la Ujerumani, la 2015, wanawake karibu 500, nusu walipewa antibiotiki na nusu walipewa ibuprofeni tu ya maumivu, na katika hao wa ibuprofeni kama theluthi mbili hawakuja kuhitaji antibiotiki kabisa. Ingawa nao waliopandishiwa maambukizi mpaka kwenye figo walikuwa wengi kidogo, kwa hiyo sio ruhusa ya kukaa tu. Sasa hao theluthi mbili kama wangekuwa wanakunywa mwarobaini wote wangeapa kwamba mwarobaini ndo umewaponya, na wangekuwa hawadanganyi, wangekuwa wanaeleza walichokiona. Alafu na yale maji! Mtu anachemsha majani kwenye lita mbili anakunywa yote kwa siku, kabla ya hapo alikuwa anakunywa glasi mbili na jua la Tanga unalijua. Maji peke yake yamepimwa: utafiti uliotoka 2018, wanawake 140 waliokuwa wanaugua UTI mara kwa mara na wanakunywa maji kidogo, nusu wakaambiwa waongeze lita moja na nusu kila siku kwa mwaka mzima, walioongeza wakaugua kwa wastani mara 1.7 kwa mwaka, wasioongeza mara 3.2. Karibu nusu imepungua kwa maji matupu. Hii naisema kila mahali na watu wanaona kama nawapuuza, lakini hamna ekstrakti yoyote ya mmea niliyoifanyia kazi yenye ushahidi mzuri namna hiyo kwa binadamu.

Usinielewe kwamba nadharau mimea. Nimeingia kwenye kazi hii kwa sababu naiamini, na nchi hii imewekeza humo, pale Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili iliyoanza 1974 kama kitengo cha utafiti, Mabibo kuna watu wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na Kenya wanayo ya kwao, KEMRI. Pakanga ya Wachina, ile Artemisia, ilianza kama majani ya kuloweka kama haya yetu, Tu Youyou akagundua kwamba kuchemsha kunaiharibu, akatoa kwa njia isiyo na moto mkali, leo dawa mseto ya malaria unayomeza imetoka humo na yeye akapewa Nobel 2015. Mmea ukifuatiliwa mpaka mwisho unalipa. Tatizo letu tunaishia kwenye duara la sahani.

Na kwa UTI kama ungeniuliza ningeweka nguvu wapi, ningesema tusihangaike sana na kuua, tuangalie kuzuia wasishike. E. coli wa UTI ana vinywele, na ncha ya vile vinywele inashika sukari iliyo kwenye ukuta wa kibofu, asiposhika anakojolewa anaondoka. Kranberi, lile tunda jekundu la Marekani, lina vitu vinavyovuruga huko kushika. Miaka mingi watu wamebishana, mapitio makubwa ya Cochrane, kundi la kimataifa linalokusanya tafiti na kuzipima kwa pamoja, ya 2012 yalisema halina faida ya maana, alafu yakarudiwa 2023 yakiwa na tafiti 50 yakasema linasaidia, kwa wanawake wenye UTI ya kurudi rudi linapunguza kama robo. Kupunguza kurudi, nasisitiza, sio kutibu ukiwa tayari unaungua. Na juisi ya boksi ya supamaketi ni sukari zaidi kuliko kranberi, kwa hiyo usimalize hela hapo. Choya letu ni jekundu vilevile na watu wanalichukulia kama ndugu yake, lakini sio mmea mmoja, lina kemikali zake nyingine, kunywa kama kinywaji bila sukari nyingi ni sawa tu ila kama unatumia dawa za presha mwambie daktari maana nalo linashusha. Kuna na unga wa D-manosi, aina ya sukari, unaouzwa mtandaoni kwa bei ya kutisha, huo ulipimwa Uingereza kwa wanawake karibu 600, matokeo 2024, haukupunguza kitu.

Kinachonipa hamu zaidi ni mlonge kwa kweli. Wajerumani wanatumia mchanganyiko wa mizizi na majani ya mimea miwili mikali mikali kama haradali, yenye kemikali zinazoitwa isothiosianeti, na hizi isothiosianeti zina tabia nzuri kwamba zikiingia mwilini zinatoka kwa mkojo, yani zile njia nilizokuwa naulizia hapo juu zipo. Mpaka mwongozo wa madaktari wao wa UTI unautaja kama kitu cha kufikiria kwa wanaorudiwa. Mlonge una kemikali za ukoo huohuo. Sasa ile ukichemsha sana kimeng'enya kinachozitengeneza kinakufa, kwa hiyo chai ya mlonge iliyochemka nusu saa sio kitu kilekile na jani bichi lililopondwa, na hakuna aliyelipeleka hili mpaka kwa wagonjwa wa UTI kwa kipimo kinachoeleweka. Huo ndo utafiti ningependa wanafunzi wetu waufanye, wapime mkojo wa watu waliokula mlonge, badala ya kutoboa vishimo kwenye agari kwa mara ya mia. Lakini mpaka ufanyike siwezi kukwambia mlonge ni dawa ya UTI yako.

Sasa mdogo wangu, kitu kilichonishtua kwenye barua yako sio mwarobaini. Ni hiyo "nikipima naambiwa UTI napewa sipro", mwaka wa pili, na hujaandika hata mara moja kwamba mkojo wako umeoteshwa, yani umewekwa maabara ionekane ni bakteria gani anaota. Kile kipimo cha kijiti na cha hadubini cha robo saa kinaonyesha dalili za uwezekano, chembe za usaha, nitraiti, basi. Hakisemi ni bakteria gani wala dawa gani inamuweza. Kuna utafiti mkubwa umefanyika Kenya, Tanzania na Uganda, unaitwa HATUA, walichukua mikojo ya watu zaidi ya 7,500 waliofika vituo vya afya na dalili za UTI, wakaiotesha. Waliokutwa na maambukizi kweli ni kama theluthi moja. Theluthi moja! Wengine wote walikuwa na dalili lakini mkojo ulipooteshwa haukuthibitisha maambukizi. Na katika bakteria waliopatikana karibu nusu walikuwa sugu kwa aina nyingi za dawa. Kwa hiyo wewe huenda uko kwenye moja ya makundi mawili, ama una UTI kweli na bakteria wako ameshazoea sipro, kila ukimeza unawaua wanyonge unabaki na wababe, ama huna UTI kabisa na unatibiwa ugonjwa usiokuwa wako. Neno "UTI sugu" linalouzwa na kila mwenye spika linafunika makundi yote mawili kwa pamoja, linauza dawa tu.

Kinachofanana na UTI ni vingi. Kama una uchafu ukeni, muwasho, harufu, hiyo mara nyingi ni fangasi au trikomona (kimelea cha zinaa) au mvurugiko wa bakteria wa ukeni, na kuungua unapokojoa kunaweza kuwa kisonono au klamidia. Na wewe mtu wa pwani, kama ulikuwa unaoga au kucheza kwenye mabwawa na mito utotoni, au damu inatoka mwishoni mwa mkojo, uliza kuhusu kichocho. Kichocho cha mkojo kipo ukanda wetu wa pwani, Unguja na Pemba, na sehemu za kanda ya ziwa, kinaumiza kibofu na hata via vya uzazi vya mwanamke, kinaweza kuchangia mtu kukosa mtoto, na dawa yake ni prazikwanteli, sio antibiotiki wala mwarobaini. Hili mwambie daktari kwa mdomo wako kabisa usisubiri aulize.

Kwa hiyo nenda hospitali yenye maabara ya kuotesha, ukiwa hujameza antibiotiki yoyote siku za karibuni, mkojo uwe wa katikati, yani unajisafisha kwa maji, unakojoa kidogo unaacha uende, alafu unakinga wa kati kwenye kikopo bila kukigusa ndani. Majibu yanachukua siku mbili hivi mpaka tatu. Omba karatasi ya majibu uondoke nayo, iwe na jina la bakteria na orodha ya dawa zinazomuweza, ukirudiwa tena linganisha, maana bakteria yuleyule kurudi ndani ya wiki mbili ni habari tofauti na mpya kuja baada ya miezi, yule wa kwanza anaweza kuwa amejificha penye jiwe au dawa haikumfikia. Na sema mapema kwamba unatafuta mtoto, kwa sababu inabadilisha dawa, sipro haipendelewi, na septrini inagombana na foliki asidi ambayo wewe unaihitaji miezi hii. Ukishika mimba mkojo uoteshwe tena hata kama huumwi popote, kwa mjamzito hata bakteria walionyamaza wanatibiwa.

Kitunguu saumu huko chini, hapana, hapana kabisa. Kinaunguza, kuna watu wamepata vidonda vya moto kwa kukiweka kwenye ngozi ya kawaida tu sembuse huko. Uke una bakteria wake wazuri wanaotengeneza asidi na kumzuia E. coli asikae karibu na tundu la mkojo, na tundu lenyewe kwa mwanamke mpaka kibofuni ni kama sentimita 4 tu. Ukiweka kitunguu, shabu, ndimu, sabuni za kujisafishia ndani, unawafukuza walinzi, alafu UTI inakuja kwa wingi zaidi. Maji safi nje tu, unatawaza kutoka mbele kwenda nyuma, inatosha. Choo cha kazini usikisingizie, E. coli wako anatoka kwenye utumbo wako mwenyewe. Kukojoa baada ya tendo fanya, haligharimu kitu.

Na ule unga wa kwenye mfuko usio na jina usinywe hata kama muuzaji ni mama mwema. Ubelgiji miaka ya mwanzo ya 1990 wanawake wengi, kama mia hivi, waliharibika figo kwa dawa za mimea za kupunguza unene zilizochanganyika na mmea wa Aristolochia, wengine baadae wakapata saratani ya njia ya mkojo. Mmea unaweza kuumiza figo lilelile unalotaka kulisafisha. Kama dawa ya asili imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala itakuwa na namba na jina la mtengenezaji, angalia hapo kwanza.

Ukipata homa na kutetemeka, maumivu ya ubavu au kiuno kwa nyuma, au kutapika, usisubiri majibu ya kuotesha wala usiniandikie mimi, nenda siku hiyohiyo, hiyo inaweza kuwa imepanda kwenye figo.

Mume asinywe. UTI ya E. coli kwenye kibofu chako haimhitaji yeye atibiwe, watu wanawatibu waume bure tu. Isipokuwa kama vipimo vitaonyesha trikomona, kisonono au klamidia, hapo mnatibiwa wote wawili kwa wakati mmoja, na mnapumzika tendo mpaka mmalize dozi na daktari awaambie mko sawa. Na kama yeye mwenyewe ana dalili, mkojo unamuunguza au unatoka kwa shida, aende apimwe kivyake, kwa mwanaume UTI sio jambo la kawaida na huwa ina sababu ya kutafutwa.